Kiganja cha Namba Tisa

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na karatasi kubwa iliyoviringishwa, akatafuta gundi, akaibandika ukutani sebuleni bila hata kuniomba ruhusa, ubavuni kabisa mwa picha ya harusi yangu. Ni jedwali la elementi. Lina rangi zote, kila kundi na rangi yake, vyumba vidogo vidogo vimepangana, kila chumba kina namba na herufi. Yuko kidato cha pili. Alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande kama fundi anayeangalia kama ukuta wake umenyooka. "Mama, na nyie mlikuwa na chati kama hii?"

Nikacheka. Chati! Na nilipocheka mkono wa kulia ukapanda wenyewe ukaziba mdomo, kama unavyopanda siku zote. Mtoto ameshazoea, hata haulizi. Lakini jicho langu lilikuwa limeshatua upande wa kulia wa ile karatasi, kule juu, safu ya pili kutoka mwisho. Namba tisa. Ghafla kiganja kikaanza kutoka jasho, na nikasikia harufu ya mbegu za alizeti, ile ya vumbi na mafuta, hapa hapa Dodoma kwenye kochi langu.

Wenzangu mliosoma shule za kata wakati ndiyo kwanza zinajengwa hamhitaji maelezo marefu. Yetu ilikuwa upande wa Mtinko, madarasa manne yenye madirisha yasiyo na vioo. Upepo wa Singida unaingia huku unatokea kule, na daftari unalibana kwa kiwiko lisikukimbie. Maabara ilikuwa msingi mtupu ulioota nyasi, mbuzi wa jirani wanalala humo. Vitabu tulikaa watu sita kwa kimoja, na aliyekaa pembeni alisoma kichwa chini miguu juu mpaka akazoea.

Sasa meno. Nisiwazungushe, meno yangu ni ya kahawia. Siyo ile njano ya mtu mvivu wa mswaki. Ni kahawia ya chai ya rangi iliyokaukia kwenye kikombe, na pembeni ina mabaka meupe ya chokaa. Nimeyasugua kwa majivu, nimeyasugua kwa mkaa, nimeyasugua kwa mchanga laini mpaka fizi zikatoka damu, nikatema, nikaenda kujitazama kwenye kipande cha kioo cha mama. Yapo pale pale. Nikajifunza kuongea kwa midomo iliyobana na kucheka kwa pua. Darasani nikijua jibu nalinyamazia, kwa sababu jibu linatoka mdomoni. Walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mpole. Upole gani! Nilikuwa naona aibu, basi.

Na aibu yangu ilikuwa na anwani. Nyumbani wote tulijua meno yale yametoka wapi: yametoka kwa mama. Mama alikuwa nayo, ya kwake meusi zaidi. Baba, Mzee Ntandu, yeye alikulia Itigi, pale kwenye reli, na alikuja Mtinko mtu mzima. Meno yake yalikuwa meupe kwelikweli, makubwa, yamejipanga, na alikuwa mtu wa kucheka. Akicheka anarudisha kichwa nyuma, mdomo wote wazi, mpaka mtu aliyeko barabarani anajua Ntandu yuko nyumbani. Kaka yangu mkubwa, Daudi, aliyenizidi miaka mingi, naye alikuwa na meno hayo hayo ya baba. Mimi na wadogo zangu wawili wa kiume tulikuwa na ya mama.

Shangazi, dada yake baba, akija kutoka Itigi na dumu lake la asali alikuwa hajakaa hata kwenye kigoda ameshanishika kidevu. "Huyu kachukua kwa kina mama yake moja kwa moja. Wa kwetu hawako hivi, muangalie Daudi." Mama alikuwa anasonga ugali, anatabasamu midomo imefungwa. Na mimi, jamani, nilikuwa nauangalia ule mdomo wa mama uliofungwa na nauchukia. Nilitembea naye mnadani nikiwa mbele kidogo, kama vile hatujuani, ili watu wasiyaone yake na yangu kwa pamoja.

Cha kujivunia nyumbani kwetu kilikuwa kimoja, kisima. Zamani watu wa kijiji kile walichota mchangani, kwenye korongo, wanafukua mashimo na kugombania maji na punda. Baba alipooa akasema mke wake hatapanga foleni na punda. Miaka ikapita, Daudi akawa mkubwa wa kuchunga ng'ombe, ndipo akachimba. Alichimba na wajomba zangu kiangazi hata kiangazi. Walipofika kwenye mwamba waliwasha moto juu yake na kumwagia maji ya baridi ili upasuke, wakapiga sururu, wakawasha tena. Maji yalitoka msimu niliozaliwa mimi. Kwa hiyo wazee waliniita mtoto wa kisima, na mimi jina lile nilivaa kama gauni la sikukuu. Maji yenyewe yalikuwa meupe pee, ya baridi, hayakauki hata mwezi wa kumi. Kijiji kizima kilichota kwetu, na baba hakumtoza mtu hata shilingi. Mtu akimshukuru anajibu neno lile lile: "Kunyweni, hayana mwenyewe."

Basi akaja mwalimu wa kemia, Mwalimu Komba, kijana mwembamba kutoka Songea, suruali inamshinda kiuno. Siku za kwanza alifundisha kwa Kiingereza kama serikali ilivyotaka. Akaangalia macho yetu. Akakohoa, akashuka kwenye Kiswahili, na ndipo kemia ilipoanza. Ilipofika mada ya jedwali la elementi akasema chati hana, na kuchora ubaoni ni kutuchosha, kesho kila mtu aje na mbegu za alizeti kibindoni. Ulikuwa msimu wa kuvuna, nani angekosa? Tukajua mwalimu ana njaa.

Kesho yake akatutoa nje kiwanjani. Alikuwa amechora mistari chini kwa ncha ya jembe, vyumba vimepangana, ila katikati ya mstari wa kwanza ni patupu. Akatuchagua ishirini, kila mmoja akapewa kipande cha boksi chenye namba, kuanzia moja mpaka ishirini. Mimi nikapata tisa. Wengine wakakaa pembeni kutazama.

"Mbegu ni elektroni, na namba yako ndiyo mbegu zako," akasema. "Moja ana mbegu moja, ishirini ana mbegu ishirini. Mfuko wako wa kwanza unaingia mbegu mbili tu, usizidishe. Ukijaa, hamia mfuko wa pili, huo unaingia nane. Ukijaa na huo, tafuta mfuko mwingine. Lakini zile za mwisho, za nje kabisa, usizifiche. Ziweke kiganjani, nyosha mkono, kila mtu azione."

Sisi wasichana sketi zetu hazikuwa na mifuko ya maana, tukatumia soksi. Mbegu zangu mbili zikaingia soksi ya kushoto, saba zikabaki kiganjani. Kulia kwangu alisimama namba kumi, ana mbegu nane, kiganja kimejaa. Hapo mstari ukaisha. Namba kumi na moja akaniuliza yeye asimame wapi, na mwalimu akamwambia, "Wewe ile nane imejaa, itie mfukoni. Una ngapi zimebaki?" Moja. "Basi rudi mwanzo, anza mstari mpya, simama nyuma ya namba tatu. Yeye ana ngapi kiganjani?" Moja pia.

Akatupanga wote hivyo. Kisha akasema kila mtu aangalie kiganja cha aliye mbele yake na cha aliye nyuma yake. Nyuma yangu alikuwa Zaituni, rafiki yangu wa damu, nyumba yao na yetu zinatenganishwa na ua wa mnyaa tu. Yeye alikuwa namba kumi na saba. Mbili soksi hii, nane soksi ile, na kiganjani saba. Saba na saba! Nikageuka mbele, nikageuka nyuma. Kila safu ya kwenda chini viganja vilikuwa sawa. Wa moja wamefuatana, wa mbili wamefuatana, na kule mwisho kulia wale waliojaa, ambao hawana shida na mtu. Namba mbili tu ndiye alikuwa na mbegu mbili na bado akasimama na wale waliojaa, na alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia mfuko wake unaingia mbili, kwa hiyo ameshiba, atulie.

"Jedwali zima ndiyo hilo," mwalimu akasema, na alikuwa anafurahi kuliko sisi. "Ukienda pembeni unaongeza moja moja. Ukijaa unaanza mstari mpya. Na ukisimama nyuma ya mtu, ni kwa sababu mkono wako wa nje na wake ni mmoja. Namba mnatofautiana, ukubwa mnatofautiana, lakini tabia ni moja. Wewe kumi na moja, hiyo mbegu moja unataka kuifanyia nini?"

"Nataka nyingine saba, mwalimu."

"Saba utazitoa wapi, kwa mjomba? Wepesi kwako ni kuitoa hiyo moja ubaki na mfuko uliojaa. Sasa nani hapa anapungukiwa moja?"

Zaituni akanyoosha mkono. Kumi na moja, mvulana mmoja mrefu mwenye haya, akavuka uwanja akamwekea mbegu yake kiganjani. "Mmekuwa chumvi," mwalimu akasema. "Chumvi ya ugali kabisa." Darasa likalipuka. Zaituni kaolewa! Mahari mbegu moja! Yule mvulana akataka kuzama ardhini.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kama baba, kichwa nyuma, mdomo wazi, kwa sababu nilikuwa nimefurahi mpaka nikajisahau, nimeelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kunielewesha. Mkono wa kulia ulikuwa na mbegu saba, wa kushoto umeshika boksi la namba. Sikuwa na mkono wa tatu.

Mwalimu Komba akaniona. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyaona. Uso wake ukalainika, na nawaambia kweli alikuwa na nia njema, ndiyo maana mpaka leo sijaweza kumchukia. "Namba tisa, usifunge mdomo," akasema. "Jamani, muangalieni mwenzenu. Huyu ni florini. Katika safu yake ndiye mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu mbegu zake ziko karibu na kifua, ndiyo kiini chake. Na huyu hamjaanza kumjua leo. Mmemnywa asubuhi. Anatoka kwenye mawe, anaingia kwenye maji ya chini. Akiwa kidogo anaimarisha meno, akizidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza, yanatoka ya kahawia. Siyo uchafu, wala siyo ukoo. Ni maji. Nyie wa hapa mnachota wapi?"

"Kwa Ntandu!" Walijibu wote kwa pamoja, kama salamu ya asubuhi.

Nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na meno kama yangu, na siku zote tulikuwa tunastahiana, hakuna anayesema. Sasa wakawa wananiangalia mimi, wamefunga midomo, na macho yao yanauliza. Mmoja kati ya wale waliokaa pembeni akasema taratibu, "Kumbe ni baba yako." Nyuma yangu nikasikia mbegu zinadondoka. Zaituni alikuwa ameteremsha mkono.

Sijui somo lilikwishaje. Njia ya kurudi nyumbani Zaituni alitangulia na wengine, na mimi nilijifanya nafunga soksi. Mbegu mbili zilikuwa bado zimo, zinanichoma.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mdogo wetu wa mwisho, Tumaini, amekaa chini ya mtungi wa maji ya kunywa na kikombe cha plastiki, anajinywesha na kujimwagia. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Meno yake ya utoto yalikuwa manne mbele, meupe, na alikuwa anatucheka sote bila sababu. Nikasimama pale na begi mgongoni. Mimi yangu yameshaharibika, na wadogo zangu wa kiume yao yameshaharibika. Ya Tumaini ya ukubwani bado yako huko ndani yanajitengeneza, na anakunywa kikombe cha pili.

Nikafikiri kwa akili zangu zote za kidato cha pili. Namba tisa ana shida ya mbegu moja. Mwenye kutoa mbegu moja ni namba kumi na moja. Namba kumi na moja yumo kwenye chumvi, mwalimu kasema mwenyewe. Basi nikitia chumvi kwenye maji, tisa atapewa anachokitaka, atashiba, atakuwa kumi, atahamia kule mwisho kwa wale wasiomgusa mtu. Ilipangana vizuri kichwani kama vile vyumba vya kiwanjani. Nikachukua mkebe wa chumvi wa mama, nikaumimina wote mtungini, nikakoroga kwa kata.

Baba akarudi kutoka shambani, jembe begani, jasho linamtoka. "Shikamoo baba." "Marahaba, mtoto wa kisima." Akachota kata nzima, akaigugumia, akaitema yote nje uani.

"Nani katia chumvi humu?"

Wadogo zangu wakaninyooshea vidole kabla hata hajamaliza.

"Ni mimi, baba."

"Umetuona ng'ombe?" Alikuwa bado anataka kucheka, meno yakiwa nje. Mama alikuwa anapepeta, akasimamisha ungo. Mimi nikaanza kulia.

Nilimweleza. Kwa maneno nilishindwa, kwa hiyo nikaenda kwenye turubai la alizeti zilizoanikwa, nikapanga mbegu chini kama mwalimu alivyotupanga. Huyu moja, huyu mbili, mstari umejaa. Baba akachuchumaa. Hakuwa amesoma mbele, lakini alikuwa mtu wa kufuata kitu hatua kwa hatua, na alinisikiliza kama anavyomsikiliza bwana shamba. Nilipofika kwa tisa nikaacha kupanga.

"Na huyu tisa kwenye maji anaingiaje?" akauliza.

"Anatoka kwenye mawe, baba. Huko chini sana."

"Yale tuliyopasua kwa moto."

Aliangalia zile mbegu muda mrefu, midomo inacheza, anahesabu kitu ambacho siyo mbegu. "Daudi alikuwa anachunga nilipoanza kuchimba," akasema. "Alikuwa ameshang'oa meno ya utoto yote." Kisha akanitazama. "Fungua mdomo."

Sikutaka. Baba hakuwahi kuniangalia mdomoni maisha yake yote, alikuwa ananiangalia machoni, na nilimpenda kwa hilo. Akanishika kidevu kwa vidole vyenye udongo. Nikafungua. Akawaita wadogo zangu, nao wakafungua, wamepanga mstari kwa kimo, wanadhani ni mchezo. Mwisho akamnyanyua Tumaini, akamtazama yale manne, akamweka chini taratibu sana.

"Kumbe siyo kwetu," mama akasema.

Hakuwa anamwambia mtu. Alikuwa ameshika ungo kifuani. "Na kule kwetu tulikunywa kisima cha misheni, kirefu hivyo hivyo. Miaka yote naambiwa nimeleta meno mabaya kwenye ukoo wa watu. Kumbe maji." Midomo yake ilikuwa wazi na meno yake yanaonekana yote, na nilijisikia vibaya hata kumtazama.

Baba akaubeba mtungi akaumwaga nje ya boma.

Kesho yake Mwalimu Komba alinieleza makosa yangu. Nilimfuata chini ya dirisha la ofisi, kwa sauti ya chini, nikamwambia habari ya chumvi. Hakucheka. Alisema florini iliyoko kwenye maji ilishapata mbegu yake zamani, haina njaa tena, chumvi haiifanyi kitu. Na hata ingepewa mbegu ngapi isingekuwa kumi, kwa sababu namba ya mtu inahesabiwa kwa kilichomo kifuani, siyo kwa kilichoko kiganjani, na hilo yeye alisahau kutuambia. "Tisa ni tisa," akasema. Akaomba radhi kwa yale ya kiwanjani. Nikamwambia hamna shida, mwalimu, mkono uko mdomoni.

Ndoo zilipungua kisimani. Hakuna aliyegomba, watu wa kwetu hawagombi hivyo. Waliacha tu kupita, na walioendelea kuja walichota haraka wakiangalia chini. Baba aliona. Asubuhi alifunga madumu kwenye baiskeli akaenda korongoni, mchangani kule kule alikoapa mke wake hatapanga foleni, akafukua na kusubiri zamu yake nyuma ya punda. Akarudi na maji ya udongo. Mama akayachuja kwa kitambaa na kuyachemsha, yakawa ya Tumaini peke yake. Mvua ilipoanza wakakinga ya bati. Alifanya hivyo kila siku mpaka Tumaini alipoanza shule, na sikumsikia akilalamika.

Jumamosi moja jioni, wakati wanawake wachache waliobaki wamekuja kuchota, akatoka akasimama kwenye jiwe la kisima. Amevaa shati la kanisani. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya ndoo, nikatamani aingie ndani.

"Nilikuwa nawaambia haya maji hayana mwenyewe," akasema. "Yana mwenyewe, ni mimi. Nimewaharibia watoto meno, na wangu nimewaharibia. Sikujua. Fueni, ogeni, nywesheni ng'ombe, lakini anayeota meno asinywe. Mkinisamehe sawa, msiponisamehe sawa."

Mama Zaituni ndiye aliyejibu. Alikuwa na ndoo kichwani tayari, na alikuwa mwanamke wa maneno makali, nikajua leo tumekwisha. "Baba Daudi," akasema, "mimi mimba ya Zaituni niliibeba nikiwa napanga foleni na punda. Nikajifungua, nikakuta maji jirani na mlango wangu. Meno ndiyo nini? Shuka hapo kwenye jiwe utaanguka." Wanawake wakacheka, na mmoja akampigia kigelegele cha utani. Jumatatu Zaituni alinisubiri pale kwenye mnyaa kama zamani, tukaenda shule.

Kwa hiyo kijiji kilisamehe. Ndoo zilirudi, watoto wadogo wakakingiwa maji ya bati, maisha yakaendelea. Mimi nilidhani na sisi tumemaliza.

Ila ilikuwa jioni moja, shangazi yuko, dumu la asali liko, amesimulia kichekesho chake cha mlevi na treni ambacho amekisimulia mara mia, na baba siku zote anakicheka mpaka machozi. Alianza. Kichwa kikaenda nyuma. Halafu macho yake yakapita kwetu, mimi, wadogo zangu, mama, tumekaa mstari mmoja kwenye mkeka na viganja vyote midomoni. Baba akanyanyua mkono wake, ule mkubwa wenye sugu za sururu, akaziba mdomo wake wenye meno meupe. Akacheka kwa pua. Shangazi akauliza, "Kaka, jino linauma?" Akajibu haliumi.

Tangu siku hiyo hakucheka tena mdomo wazi. Watu wa barabarani wakawa hawajui kama Ntandu yuko nyumbani. Mama alimwambia aache, wewe meno yako yana nini? Mkono haukushuka. Nilikuwa naona aibu ya meno yangu toka utotoni, na nilidhani naijua aibu. Kumbe nilikuwa sijakaa na mtu anayeona aibu ya meno yake mazuri.

Nilipoolewa, mpiga picha alitupanga mbele ya kanisa. Tumaini alikuwa msimamizi mdogo, amevaa gauni la rangi ya maziwa, anacheka na kila mtu kwa meno meupe, ya baba yale yale. Mpiga picha akachungulia, akashusha kamera. "Mzee, toa mkono. Na bibi harusi, toa mkono, hii picha ni ya kumbukumbu."

Baba hakutoa. Aligeuka akanitazama mimi. Hakunihimiza, alikuwa anangoja tu, na nikaelewa anangoja nini, na kwamba nisipotoa mimi, yeye hatatoa, hata tukisimama pale mpaka jua lizame. Kanisa zima linatutazama. Nikateremsha mkono wangu. Nikafungua mdomo, kahawia yote nje, uso unawaka moto. Baba akasubiri kidogo, kama anahakikisha. Kisha na yeye akateremsha wa kwake.

"Babu alikuwa na meno mazuri," binti yangu alisema juzi, kidole chake kikitoka kwenye jedwali na kuingia kwenye picha. Nilimwambia ndiyo, alikuwa nayo. Sikumwambia kilichofuata baada ya ile taa ya kamera kupiga, kwamba kabla hata mpiga picha hajasema asante, mikono yetu yote miwili ilikuwa imesharudi mdomoni.